Nilivyochujwa kwenye kambi ya hoki ya barafu Nachingwea, ndani ya ghala la karanga lisilo na karanga

Wakuu, marahaba. Najua wengi humu ni wajukuu zangu hata mkijiita majina ya ajabu ajabu, kwa hiyo naanza kwa kupokea salamu yangu.

Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho haya mawili. Moja sasa lina mtoto wa jicho, lakini siku zile yote yalikuwa yanaona mpaka yasiyotakiwa. Sina sababu ya kudanganya. Umri wangu huu mtu anadanganya ili apate nini?

Juzi kijana mmoja kafungua uzi analalamika kwamba mwanawe kaachwa kwenye kambi ya mpira ya vijana. Skauti walikuja na kompyuta, wakapima kasi, wakapima mapafu, mwisho wakamchukua mtoto ambaye mpira ukimjia anauogopa. Mkamshambulia. Mkamwambia alete ushahidi.

Mimi ushahidi ninao, ila ni wa zamani.

Niliwahi kupimwa na mimi. Tena si mpira huu wa miguu. Nilipimwa hoki ya barafu. Nachingwea.

Cheka kwanza. Ukimaliza, endelea kusoma.

Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililikimbia. Kusoma nilijifunza baadaye, kwenye makopo ya grisi na maboksi ya vipuri. Atakayetaka kunisahihisha maandishi aniambie kwanza yeye ana malori mangapi.

Watu wangu ni Wamakua, walitoka ng'ambo ya Ruvuma wakaja kufungua shamba Kilimarondo. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kukaa dunguni, kufukuza nguruwe na nyani wasile mahindi. Akija tembo hufukuzi, unamwomba radhi.

Nilipobaleghe nikamfuata mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa mpishi wa vibarua Nachingwea.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya arobaini kuelekea hamsini, Wazungu walipokuja kulima karanga. Msitu uling'olewa kwa matrekta mawili mawili yaliyofungwa mnyororo katikati, mti unalala kama nyasi. Wakaweka reli. Wakajenga maghala makubwa ya mabati, sakafu ya saruji, ya kuwekea karanga.

Karanga zenyewe zikakataa kuja.

Ghala likawa linafagiliwa kila asubuhi, tupu. Nilimjua mzee mmoja aliyeajiriwa kulilinda. Ukimuuliza analinda nini, anakwambia, "Nalinda nafasi."

Sisi vijana kazi yetu ilikuwa kuokota mizizi. Trekta likishapita, unafuata nyuma unaokota mizizi iliyobaki, unaipanga lundo, unachoma. Jua la huko mnalijua. Na ardhi ya Nachingwea kiangazi ikishakauka inakuwa kama kigae. Mgongo wangu huu unaouma leo ulianza kuuma pale.

Sasa kulikuwa na Mzungu mmoja mkuu wa karakana ya matrekta. Si Mwingereza, alitoka Kanada. Vibarua walimwita Bwana Barafu kwa sababu kila joto likizidi alikuwa anahadithia barafu za kwao huku anajipangusa shingo. Mtu mwema, lakini alikuwa na ghala tupu mbele ya macho yake kila siku, na ghala tupu humfanya mtu afikirie mambo.

Siku moja akatuita vijana wote pale ghalani. Mkalimani alikuwa Karani Mathiasi, msomi wa misheni upande wa Masasi, suruali yake ina mkunjo wa pasi mpaka Jumamosi.

Karani akatuambia, "Bwana anasema kwao kuna miezi maji ya mto yanageuka jiwe. Watu wanavaa viatu vyenye visu chini, wanakimbia juu ya mto huo, wanagombania kipande cha mpira kwa magongo."

Kijana mmoja wa Nandagala akauliza, "Na samaki?"

Karani akatafsiri. Bwana Barafu akafikiri kidogo, akajibu.

"Anasema samaki wako chini, wanasubiri."

"Wanasubiri nini?"

"Bwana anasema swali lingine."

Hakukuwa na swali lingine. Basi tukaelezwa kwamba vijana wote tutawekwa kambi ya mazoezi ya mchezo huo humo ghalani. Kutakuwa na wapimaji. Mwisho wa kambi watachagua timu, na timu hiyo itacheza na vijana wa Kihindi kutoka Lindi.

Mimi hapo nilikuwa nasinzia.

Ndipo Karani akaongeza, "Na watakaochaguliwa wataingia karakana kuwa spana boi. Watakaobaki wanaendelea na mizizi."

Nikaamka wakuu. Spana boi ni yule anayemshikia fundi spana, anaosha vyuma, anatazama. Ukitazama miaka miwili na una akili, fundi ni wewe. Na mjomba alishanionya kwamba kiangazi kikiisha bado naokota mizizi, atanirudisha Kilimarondo kwenye dungu langu na nyani wangu.

Kwa hiyo sikutaka hoki. Nilitaka spana. Hili mlishike, kwa sababu kila kijana mle ndani alitaka hilohilo.

Nieleze vifaa. Magongo tulichonga wenyewe kutokana na mizizi tuliyokuwa tunaokota, kwa sababu mzizi una kona tayari. Kile cha kugombania kilikatwa kwenye tairi bovu la trekta, mviringo, kinene kama mkate wa kumimina. Tukakiita katambuga, maana ndiko na viatu vyetu vilikotoka.

Barafu je? Barafu ilikuwa sabuni. Mapipa ya maji ya sabuni yalimwagwa juu ya saruji, sisi tukaingizwa peku.

Siku ya kwanza hakuna aliyecheza hoki. Watu walianguka tu. Nimemwona kijana kaanguka, kainuka, kaanguka akiwa bado anainuka. Mjomba alikuja kuchungulia na mwiko wake mkononi, akaangalia, akasema, "Hii sabuni ingefua kambi nzima," akarudi jikoni.

Lakini kijana hujifunza. Baada ya muda tukawa tunateleza tunakotaka, na si kule sabuni inakotaka. Na mimi, siwafichi, nilikuwa hodari. Mtu aliyekulia kushuka dunguni mbio hujua miguu yake iko wapi.

Wapimaji walikuwa watatu, Bwana Barafu na Wazungu wawili wa stoo, wameketi juu ya makreti na ubao wa chaki pembeni. Walipima mbio, wakapima utulivu, wakapima kumiliki katambuga, na kitu kimoja walichokiita ushirikiano. Kila jioni Karani anasoma maksi kwa sauti.

Na kila jioni wa kwanza ni Likonde.

Wakuu, Likonde alikuwa hajui kucheza. Narudia, hajui. Alishika gongo kama mtu anayekoroga ugali wa msiba. Mbio hana. Akiteleza anafumba macho.

Sasa ilikuwaje?

Wengi wa vijana mle walikuwa wa Nandagala, upande wa Ruangwa, na wengi wao walitoka jando moja, msimu mmoja. Kwa mliozaliwa mjini mkatahiriwa hospitali na kupewa soda, niwafundishe. Kumbini, kule porini wanakotahiriwa, kuna anayetangulia. Wa kwanza kwenye kisu ndiye anayebeba woga wa wenzake wote. Akilia, jando zima limeaibika. Asipolia, wanaomfuata wanamheshimu mpaka kaburini. Hupiti mlango mbele yake. Humkatizi neno. Na kitu kilichomo mkononi mwake hakipokonywi.

Likonde ndiye aliyetangulia. Na hakulia.

Kwa hiyo Likonde akipata katambuga, mchezo unakuwa maandamano. Anatembea nayo polepole katikati ya ghala. Wapinzani wake wanampisha kulia na kushoto. Wa upande wake wanamfuata nyuma kwa adabu. Akifika golini, golikipa anasogea pembeni.

Nilimsikia golikipa kwa masikio yangu akisema, "Pita kaka."

Na kaka anapita.

Wapimaji pale juu ya makreti wamechanganyikiwa kwa furaha. Karani anasoma, "Likonde, kumiliki, kumi. Utulivu, kumi. Bwana anasema hajawahi kuona kijana mwenye utulivu hivi, hata kwao."

Nikamfuata Karani pembeni. "Karani, wewe si unaona?"

"Naona."

"Kwa nini huwaambii?"

"Wameniuliza?"

"Hawajakuuliza."

"Basi. Mimi nimeajiriwa kutafsiri maneno. Hiki unachokisema ni kimya, na kimya hakimo kwenye mkataba wangu."

Mimi jando langu lilikuwa lingine, huko kwetu, sikuwa na deni na mtu pale. Ningeweza kumnyang'anya Likonde siku ya kwanza. Ila mjomba alinitazama machoni wakati ananipakulia.

"Mpwa wangu, yule mtu wa kwanza wa Nandagala mwache."

"Mjomba, mchezo ule."

"Mchezo uko wapi pale? Wewe unataka spana, yule anataka spana, wote mnataka spana. Ule ni ugomvi wenye filimbi."

Nikamwacha. Siku zikaenda. Na kwa kuwa mimi si wa jando lao, hakuna aliyenipa pasi. Maksi zangu za ushirikiano zikawa chini kabisa, chini ya kijana mmoja aliyekuwa amevunjika kidole na kutwa nzima amekaa.

Ikafika siku ya mwisho. Akaja Bwana Mkubwa wa kambi nzima na kofia yake kutazama nani atachaguliwa.

Nilipoingia nilijiambia, leo nikikaa kimya, kesho niko dunguni.

Likonde akapata katambuga. Maandamano yakaanza. Watu wakapisha. Mimi nikaja kutoka pembeni, nikaingiza gongo, nikaichukua. Kirahisi, kama kumchukulia mtoto aliyelala kijiko. Likonde akaendelea kutembea hatua kadhaa bila kujua kwamba hana kitu.

Nikakimbia golini nikafunga. Nikageuka nishangiliwe.

Vijana wote walikuwa wamekaa chini. Timu zote mbili, ndani ya sabuni. Golikipa naye kakaa, kanipa mgongo. Likonde peke yake ndiye aliyesimama katikati, na mimi golini, mabati juu yanalia kwa jua.

Bwana Mkubwa akauliza kitu. Karani akamgeukia golikipa. "Bwana anauliza kwa nini mmekaa."

Golikipa akasema, "Tunasubiri arudishe."

Karani akatafsiri maneno mengi kuliko yale. Baadaye aliniambia alisema hivi: vijana wanaona mwenzao huyu ana haraka sana.

Jioni matokeo. Likonde, nahodha. Wenzake wa Nandagala wakafuatia, hata golikipa, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajazuia kitu. Mimi nikasomewa peke yangu: "Ana mbio, ana nguvu, ana jicho. Hana ushirikiano. Abaki kwenye mizizi."

Wapimaji watatu, ubao, chaki, kambi nzima ya mazoezi. Walichopima ni nani alitangulia kisuni, na wakakipima barabara kabisa bila kujua kwamba kipo.

Kesho yake niko kwenye mizizi, namwona Likonde anakuja peke yake, mikono nyuma kama mzee.

"Wewe Mmakua."

"Naam."

"Unajua mimi sijui kucheza."

"Najua."

"Na wenzangu wanajua. Wasiojua ni Wazungu." Akakaa juu ya lundo langu. "Sasa wanakuja hao wa Lindi. Wale hawakuingia kumbi letu."

Nikamtazama. Kijana aliyetazama kisu bila kupepesa, anaogopa Wahindi wadogo wenye magongo.

"Nakutaka kwenye timu," akasema.

"Nimechujwa."

"Hilo niachie. Tatizo ni wenzangu. Hawachezi na mtu aliyenivua nguo hadharani. Lete kuku."

Akanieleza. Nilete kuku, waitwe wakubwa wa Nandagala waliopo kambini, niingizwe kama mdogo wa jando lao, niliyechelewa njiani. Nikishakuwa mdogo wao, nitapewa pasi, nitapewa kila kitu.

Wakuu, mimi ni mtu wa kiburi tangu tumboni. Jando langu lilikuwa halali, nilikuwa na kovu langu, na sasa naambiwa nikawe mdogo wa mtu asiyejua kuteleza. Nilikaa na hilo jambo mchana kutwa. Kisha nikatazama mizizi iliyobaki, ikafika mpaka pale macho yanapoishia.

Nikamwendea mjomba. Hakuuliza. Alinipa jogoo mmoja mwenye ugomvi, akasema, "Mpeleke, hata huyu alikuwa hataki kuwa mdogo wa mtu."

Shughuli ilikuwa fupi. Yule mzee anayelinda nafasi ghalani ndiye aliyesema maneno, kumbe kwao ni mtu mkubwa. Nikamkabidhi Likonde gongo langu kwa mikono miwili, akanirudishia. Wakanipa bawa, maana mdogo halambi paja.

Likonde akaenda kwa Bwana Barafu, na Karani akatafsiri kwamba bila Mmakua timu haiingii uwanjani. Ubao ukafutwa palepale. Ushirikiano wangu uliokuwa chini ukapanda juu kabisa. Bwana Barafu akanishika bega, na Karani akasema, "Bwana anasema umekomaa ghafla. Anauliza umefanya mazoezi gani."

Nikasema, "Mwambie nimekula kuku."

Karani akatafsiri nini, sijui.

Sasa oneni nilivyonaswa. Siku niliyopata nafasi ndiyo siku niliyopoteza mchezo wangu. Nilichukuliwa kwa sababu naweza kumnyang'anya mtu katambuga. Na sasa mimi ni mdogo wa Likonde, na kilichomo mkononi mwa Likonde hakipokonywi.

Wahindi wakaja kwa lori. Wakacheka sabuni, kisha wakavua viatu wakaingia.

Likonde akapata katambuga mara ya kwanza, akaanza kutembea nayo. Kijana mmoja mwembamba akaichukua kabla hajafika hatua ya pili. Likonde hakumkimbiza. Alisimama, akanyoosha kiganja, akasema kwa upole kabisa, "Nirudishie."

Yule kijana alikuwa ameshafunga.

Ilikuwa hivyo mchana wote. Mara moja tu tulikuwa na nafasi. Likonde alikuwa mbele ya goli lao, katambuga miguuni pake, golikipa wao kaanguka. Mimi niko karibu yake kiasi cha kusikia pumzi yake. Ningeigusa tu ingeingia.

Nikaweka gongo nyuma ya mgongo. "Kaka, piga."

Kaka akapiga. Gongo likamtoka likaingia golini. Katambuga ikabaki pale pale.

Tulifungwa mpaka Karani akaacha kuandika. Jioni wapimaji wakakaa kikao, na jibu lao likawa kwamba sabuni ilikuwa nyepesi.

Ila ahadi walitimiza, hilo nawapa. Tuliingia karakana wote. Mimi nikatazama, nikashika, nikajua. Karanga ziliposhindwa kabisa na Wazungu wakaondoka, Bwana Barafu naye akarudi kwenye mito yake ya mawe, vyuma vilibaki porini. Wengine waliona takataka. Mimi niliona injini. Lori langu la kwanza nililiunganisha kwa mikono hii, likabeba korosho za Lionja na ufuta wa Nandagala wakati wasomi wenu wanatembea kwa miguu.

Na dereva wangu wa kwanza alikuwa nani? Alikuja mwenyewe, mikono nyuma, akasema anataka kuendesha. Alikuwa hajui kuendesha vilevile alivyokuwa hajui hoki. Nikampa ufunguo. Ningefanyaje?

Safari ya Lionja akaliingiza kwenye mkorosho wa watu. Mwenye shamba akaja na panga, anauliza mwenye lori ni nani. Mimi nimekaa kiti cha abiria, usukani ulikuwa mbele ya macho yangu njia nzima.

Nikasema, "Muulize kaka."

Likonde sasa ni marehemu, Mungu amlaze pema. Mpaka anakufa nilikuwa napita mlango nyuma yake.

Somo langu ni hili. Watu husema mimi nimejitengeneza mwenyewe, na mimi sikatai, napenda kusikia. Nilikuwa na kipaji, kikaonekana na watu watatu wenye chaki, nikaachwa. Kilichoniingiza ni neno la mtu asiye na kipaji, na jogoo wa mjomba. Kutoka hapo nimekwenda kwa miguu yangu.

Kwa hiyo yule kijana aliyeachiwa mwanawe, acha kubishana na kompyuta. Kompyuta haidanganyi, hata ule ubao haukudanganya. Nenda kakae pembeni ya uwanja, utazame watoto wanamwogopa nani, na huyo baba yake ni nani. Kisha uamue kama una kuku, na kama uko tayari mwanao ale bawa.

Wenye la kusema semeni, nasoma zote ila najibu polepole, kidole kimoja. Na mwenye babu aliyepita Nachingwea enzi hizo amwonyeshe uzi huu. Akisema nimedanganya, muulizeni kwanza yeye jando lake lilikuwa wapi, na nani aliyetangulia.